Njia ya Kwenda Didaure

Siku ya tisa tangu Isifu aangukie cherehani yake, Tabia alimkuta amefungwa mkono. Ulikuwa ule wa kushoto, mkono pekee uliobaki na nguvu, nao ulikuwa umekazwa kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda kama kuku anayesubiri mnunuzi.

"Amefanya nini?" alimuuliza muuguzi wa zamu.

Muuguzi hakuinua macho kwenye karatasi alizokuwa akijaza. "Anang'ang'ania watu, mama. Jana kamshika daktari koti, kakataa kumwachia. Anapiga kelele, maneno hayana kichwa wala miguu. Tumemfunga asije akajiumiza."

Tabia alitua mfuko wa uji, akavua glavu zake za sufu, akaanza kufungua fundo. Muuguzi alimtazama, akaona uso wa mtu ambaye hatabishana wala hataacha, akarudi kwenye karatasi zake. Nje ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Johannesburg ilikuwa imetanda kwenye vioo vya wodi.

Bendeji ilipolegea, Isifu alimdaka mkewe kifundo cha mkono. Akaanza kusema. Alisema kwa mdomo uliopinda upande, polepole, kwa juhudi, akinyamaza hapa na pale kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuitikia. Kisha, alipoona haitikiwi, akarudia tangu mwanzo. Mara ya tatu machozi yalimtoka kwa hasira.

"Baba Samira," Tabia alisema, "sema Kiswahili. Sema nami."

Isifu alimtazama. Mtu huyu alikuwa na Kiswahili alichokiokota kwenye meza za mafundi wa Tanga na Dar pale Doornfontein, akakifikisha mahali pa kumtania mkwewe kwenye simu. Alikuwa na Kiingereza cha kuuzia na Kifaransa cha shule. Vyote vilikuwa vimezimika. Jirani yao Célestine, Mkongo wa Bukavu anayesuka nywele chini ya jengo lao, alishakuja kumjaribu kwa Kifaransa, akaondoka anafuta macho. "Mama Samira, ananisikia kama redio ya chumba cha pili," alisema.

Samira, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na sare yake ya shule. Alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakiwatazama, na mmoja alimwigiza Isifu kwa sauti ya chini, mwenzake akacheka. Samira aligeukia dirisha.

"Hata mama haelewi anachosema," alisema. "Labda ni kweli hakuna anachosema."

"Ananisemesha mimi," Tabia alimjibu. "Mtu asiyejua anachosema hasubiri jibu."

*

Siku hiyo hiyo aliitwa kwenye chumba kidogo mwisho wa wodi. Walikuwamo daktari, mwanamume mwenye macho ya usingizi, na msichana aitwaye Busisiwe, mtaalamu wa kuwarudishia usemi watu waliopigwa na kiharusi.

Daktari alieleza bila ukali. Kitanda cha wodi kinahitajika. Kipo kituo cha mazoezi ambako watu kama Isifu hufundishwa kutembea na kutumia mkono, lakini kituo hakipokei mgonjwa asiyeweza kufuata maagizo. Isifu ameambiwa ainue mkono, hakuinua. Ameambiwa afumbe macho, hakufumba. Kwa hiyo ameandikiwa nyumba ya matunzo, nje kabisa ya mji, wanakolazwa waliochanganyikiwa akili. Ruhusa ya kutembelewa huko ni mara moja kwa wiki.

"Huko atafundishwa kutembea?" Tabia aliuliza.

"Huko atatunzwa."

"Maagizo mlimpa kwa lugha gani?"

Daktari alifungua faili. "Kwa Kiingereza. Tena tukaleta mtu wa Kiswahili, kwa sababu wewe mwenyewe uliandikisha Kiswahili. Tukaleta na wa Kifaransa."

Busisiwe alijisogeza mbele. "Mama, wapo watu ambao kiharusi huwaachia lugha moja tu. Mara nyingine ni ile ya utotoni. Mumeo alizaliwa na lugha gani?"

"Ya kwao. Togo."

"Inaitwaje?"

Miaka kumi na minne Tabia alilala na mtu huyu, akamzalia, akamfulia, akamzika mama yake mwenyewe aliyekuwa Tanga, pamoja naye, kwa simu, na hajui lugha yake inaitwaje. Isifu mwenyewe aliiita "kikwetu". Mji wake alikuwa akiueleza kwa maneno manne: mji wa katikati, mlimani. Akiulizwa zaidi husema ni hadithi ndefu, na kuvuta kitambaa kingine. Jina la Sokode Tabia alilijua kwa kulisoma kwenye pasipoti.

"Sijui," alisema, na aliona daktari akitupia saa jicho. "Lakini nitajua. Mnaamua lini?"

"Ijumaa saa nne asubuhi."

Ilikuwa Jumanne.

*

Alirudi kitandani, akatoa simu, akamrekodi Isifu dakika nne nzima. Jumatano asubuhi aliufunga mlango wa chumba cha kushonea, akaenda kwa miguu hadi Marshalltown, mahali ambapo Waafrika wa Magharibi hupanga bidhaa zao kando ya njia, kati ya majengo marefu ya ofisi.

Alianza na muuza vitenge wa Mali, ambaye Isifu hununua kwake. Mzee huyo alisikiliza sikio limegusa simu, akatikisa kichwa. Si Kibambara, si Kifulani. Alimwelekeza kwa Mnaijeria wa viatu. Mnaijeria akawaita wenzake watatu, wakasikiliza kwa zamu, wakabishana wao kwa wao, wa mwisho akauliza kama huyo mtu ni mlevi. Mghana wa vioo vya simu alisema maneno mawili yanafanana na ya kaskazini kwao, ila mengine hapana. Mwanamke mmoja alidhani anaombwa msaada, akampa sarafu. Tabia aliirudisha mkononi mwake, akamwomba radhi, akaendelea. Mlinzi wa benki alimfukuza kwenye ngazi kwa kuwa alikuwa amekaa hapo kupumzisha miguu. Kufikia alasiri sauti ya mumewe ilikuwa imepita kwenye masikio ya watu ishirini na saba, na chaji ya simu ilikuwa inakaribia kwisha.

Wa ishirini na nane alikuwa mama wa Kitogo mwenye meza ya mafuta ya nywele pembeni ya robot, taa za kuongoza magari. Tabia alishangilia mapema, maana mama huyo alisema ndiyo, ni Mtogo, wa Lome. Alisikiliza. Akamrudishia simu.

"Si yetu sisi wa pwani," alisema kwa Kiingereza. "Hawa ni watu wa juu, Wakotokoli. Wenyewe lugha yao wanaiita Tem. Mimi naijua kwa sikio tu, sokoni."

"Kikotokoli," Tabia alirudia. "Tem." Aliyasema mara mbili ili yasimpotee. "Unamjua hata mmoja hapa?"

"Yuko kijana analinda maegesho ya magari, mtaa wa pili kutoka mahakamani. Gafaru. Mwambie mama wa mafuta kakutuma."

Gafaru alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, koti la ulinzi fupi mikononi. Alipitia Dar es Salaam akielekea kusini, akakaa huko miaka miwili, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kilichochanganyika na cha Wakongo. Alikuwa akimwelekeza dereva kurudi nyuma wakati Tabia alipojieleza.

"Dada, niko kazini. Bosi ana kamera."

"Sikiliza nusu dakika. Kama si lugha yenu, naondoka."

Akabonyeza. Sauti ya Isifu ikatoka, imekwaruza. Gafaru alisimama pale pale, mkono mmoja bado hewani, na dereva akapiga honi bila kujibiwa. Nusu dakika ikapita. Dakika ikapita. Alipozungumza tena alikuwa ameacha kumwita dada.

"Shemeji, huyu ni mtu wa Didaure. Ni mtaa wa kwetu Sokode. Namsikia kabisa."

"Anasema nini?"

"Anaelekeza njia."

"Njia ya wapi?"

Gafaru alimwashiria akae kwenye kiti chake cha plastiki. Akairudisha rekodi mwanzo, akawa anaisimamisha kipande kwa kipande.

"Anasema: ukishuka kwenye gari la Lome, wenye pikipiki watakuvamia. Usipande, watakuzungusha. Tembea. Soko liache mkono wa kushoto. Milima utaiona mbali upande wa jua kuzama. Ikiwa mbele yako, umepotea, geuka. Anasema usimpite mtu bila salamu. Kule kwetu mtu akipita bila salamu watu wanauliza amefiwa au ni mgonjwa. Salimu hata kama una haraka, wao ndio watakaokuonyesha. Ukifika msikiti mdogo wenye ukuta wa kijani, uliza nyumba ya Uro-Agoro, waliokuwa na farasi. Farasi hawapo siku hizi, ila jina limebaki. Ni nyumba ya milango mitatu. Mlango wa kaka yake usiugonge. Gonga wa mwisho, wa mama."

Akaisimamisha rekodi.

"Halafu?" Tabia alisema.

"Halafu anasema, Tabia, mchukue mtoto. Hapa ukibaki peke yako watakuchezea. Mwambie mama wewe ni mke wa Isifu na huyu ni damu yake. Atakupokea. Anasema yeye hatafika, ila nyinyi fikeni. Kisha anauliza umesikia." Gafaru alimrudishia simu. "Anauliza mara nyingi, shemeji. Umesikia? Nimalizie wapi? Umesikia?"

Tabia aliinama, akajifunika uso kwa mtandio. Siku tisa mumewe alikuwa akimwachia wosia, na watu walimfunga mkono kwa sababu ya wosia huo. Alilia kidogo tu. Kisha akajifuta.

"Ijumaa saa nne uje hospitali," alisema.

"Ijumaa niko zamu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba leo, upate wa kubadilishana naye."

Gafaru aliitazama kamera juu ya mlango wa maegesho. "Nimeshapewa onyo moja mwezi huu."

"Sikuahidi kitu kaka yangu, sina. Ila wewe ni mtu wa ishirini na tisa, na wa thelathini simjui."

*

Ijumaa saa nne na dakika kumi Gafaru hakuwa amefika. Daktari alikuwa na kalamu mkononi. Fomu ya nyumba ya matunzo ilikuwa juu ya meza ya kitandani, na pale chini palikuwa na mstari wa sahihi ya mke.

"Siweki sahihi," Tabia alisema.

"Usipoweka, mama, uamuzi unabaki ule ule. Unachelewesha tu."

"Basi nachelewesha."

Busisiwe alisema angependa wasubiri dakika kumi nyingine. Daktari alianza kujibu, na mlango ukafunguliwa. Gafaru aliingia na koti lake la ulinzi, anatweta, akiomba radhi kwa watu wote. Wa kubadilishana naye alikuwa amechelewa.

Hakwenda kwa daktari. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akachutama hadi uso wake ukawa chini ya uso wa mgonjwa, akaanza kusalimu. Ilikuwa salamu ndefu, ya swali na itikio, swali na itikio. Na Isifu, ambaye siku kumi na mbili hakujibu neno la mtu, aliitikia. La kwanza lilitoka limevunjika. La pili likanyooka. Kufikia la sita walikuwa wakienda pamoja kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, na yule mgonjwa aliyekuwa akimwigiza alijiinua kwa kiwiko apate kuona.

"Mwambie afumbe macho," Busisiwe alisema.

Gafaru akasema. Isifu akafumba.

"Afumbue. Ainue mkono wa kushoto, aguse pua, kisha aguse kitanda."

Isifu alifanya yote, bila kukosea mpangilio.

Daktari alikunja midomo. "Anamwona. Huenda kijana huyu anamwonyesha kwa macho."

Gafaru aliudhika, ila Tabia alimtangulia. "Basi atoke nje. Aongee kwa simu."

Gafaru alitoka kwenye korido, mlango ukafungwa. Simu ya Tabia iliwekwa juu ya mto, sauti wazi. Busisiwe aliandika agizo kwenye karatasi, akampelekea Gafaru nje bila kumwonyesha mtu mwingine. Sauti ikasikika kwenye simu. Isifu alisikiliza, akaitazama meza, akachukua kijiko, akakiweka ndani ya kikombe, kisha akamnyooshea Samira kikombe hicho. Busisiwe alirudi na karatasi, akampa daktari aisome. Ndivyo ilivyoandikwa.

Samira alikuwa bado ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Kisha Gafaru, huko nje, akaongeza jambo la kwake. Isifu alikunja uso. Akajibu kwa ukali, akitupa mkono wake mzima kuelekea dirisha la magharibi, akasema tena, na Gafaru akasikika anacheka.

"Mmesema nini?" daktari aliuliza, Gafaru alipoingia.

"Nimemwambia milima yetu iko upande jua linakotokea. Kaniuliza ni mama gani aliyenizaa nisijue milima iko wapi. Anasema nirudi shule."

Busisiwe alicheka waziwazi. Daktari hakucheka, lakini aliichukua ile fomu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti, akasema kituo cha mazoezi kitampokea kesho. Kwenye faili alifuta neno Kiswahili, akaandika jingine juu yake: *Tem*. Alimwomba Tabia ahakikishe ameliandika sawasawa.

"Ndiyo," Tabia alisema. "Ni herufi tatu tu."

Watu walipoanza kutawanyika, alimshika Gafaru mkono. "Subiri. Mwambie nimesikia."

Gafaru akamwambia. Isifu aligeuza kichwa.

"Mwambie nimeisikia njia yote, tangu gari la Lome mpaka mlango wa mwisho. Nimeijua. Ila siendi kumgongea mama yake mlango peke yangu kama mjane na mimi nina mume. Mwambie kesho anapelekwa kujifunza kutembea, na ajifunze."

Gafaru alitafsiri, taratibu, akitafuta maneno. Isifu alisikiliza mpaka mwisho. Ule mkono wa kushoto, uliokuwa haujatulia tangu aanguke, aliulaza juu ya blanketi, na baada ya muda akapata usingizi.

*

Kituo cha mazoezi hakikuwa na miujiza. Mguu ulirudi nusu. Mkono wa kulia ulirudi kidogo kuliko nusu. Gafaru alipewa onyo la pili kazini kwa sababu ya Ijumaa ile, na kila Jumapili aliendelea kuja. Alimwandikia Tabia maneno ya Kitem kwenye daftari: maji, maumivu, taratibu, inua, tosha. Akamwandikia na salamu, za asubuhi na za jioni, za anayetoka kazini na za anayerudi safarini, na Tabia alizikariri akiwa anapiga pasi nguo za wateja aliowabakiza. Samira alizishika kabla yake. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kwa sauti ambazo kwa mama yake zilikwama kooni, na ndiye aliyemsahihisha.

Busisiwe alikuwa amesema Kiswahili kinaweza kurudi, au kisirudi. Mwezi wa nane kikaanza kurudi, neno moja moja, bila mpangilio: chumvi, kesho, sindano. Siku moja Isifu alimwita Célestine "shangazi", na Célestine, aliyemzidi kwa mwaka mmoja tu, alikubali.

Gafaru alikuwa na binamu aliyebaki Sokode. Walimtumia ile njia, kama Isifu alivyoisema. Binamu alitembea na simu yake mkononi kwenye vumbi, akaliacha soko mkono wa kushoto, akasalimu kila aliyekutana naye. Ule msikiti mdogo ulikuwa umepakwa rangi ya njano siku hizi. Mbele yake, mlango wa mwisho ulifunguliwa na bibi mfupi sana aliyeuliza kwanza kama mgeni huyo amekula.

Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, simu iliita chumbani kwao Doornfontein, namba ya yule binamu. Isifu alikuwa nyumbani wiki ya pili, amekalishwa kwenye kiti karibu na jiko la umeme. Alinyoosha mkono. Tabia alimtikisia kichwa, akaweka sauti wazi, akaishika simu yeye.

Alisalimu. Alianza na salamu ya mchana, akaenda kwenye nyumba, akaenda kwenye watoto, kwenye usingizi, kwenye kazi za shamba, kwenye uchovu wa jua. Matamshi yake yalikuwa ya Tanga mtupu, na mara mbili Samira alimnong'oneza. Ng'ambo ya pili sauti kavu ya bibi iliitikia moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, kama mtu ambaye angeweza kuendelea mpaka magharibi. Salamu zilipokwisha, bibi akasema jambo refu ambalo halikuwamo kwenye daftari.

Tabia alimtazama Samira. Samira akatikisa mabega. Gafaru alikuwa zamu.

Ndipo Isifu, kutoka kwenye kiti chake, alipofungua mdomo. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Aliokota maneno moja moja kama mtu anayeokota pini sakafuni.

"Ana-sema," alisema kwa Kiswahili. "Mama. Anasema... mna-kuja... lini."

Samira alifunika mdomo kwa kiganja. Tabia aliisogeza simu mbele ya mumewe, akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Mjibu," alisema. "Mwambie tunakuja watatu. Mwaka siujui bado, lakini ni watatu."